Mashine ya kufulia ikigoma kutoa maji, anza chini ya sinki

Mbinga. Nguo za shule zimeingia, sabuni imewekwa, mashine inazunguka vizuri. Inafika hatua ya kumwaga maji na mambo yanaharibika. Maji ya kijivu yenye povu yanapanda ndani ya sinki la jikoni, pale pale kilipo kikombe cha mtoto na sufuria ya uji. Au mashine inanguruma kidogo, inanyamaza, na nguo zinabaki zimelala kwenye maji machafu hadi jioni.

Kwa familia zilizonunua mashine ya kufulia, iwe kwa fedha za kahawa au za mshahara, hii ni kero ya kawaida. Hutokea zaidi pale mashine inapowekwa jikoni na mpira wake wa kutolea maji kuunganishwa kwenye bomba lililo chini ya sinki. Nyumba nyingi zilijengwa bila kufikiria mashine. Bomba la sinki lilipangiwa maji ya kuoshea vyombo, yanayoteremka taratibu, na sasa linaletewa maji ya beseni kubwa kwa mkupuo, yakisukumwa na pampu.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya hayahitaji kipuri kipya. Yanahitaji mtu mzima mmoja, ndoo, tambara, tochi na subira ya saa moja.

Kwa nini mzazi asilichukulie poa

Maji yaliyofulia nguo si maji ya sabuni tu. Yamebeba jasho, uchafu wa ngozi, na kama kulikuwa na nepi au nguo za ndani, yamebeba pia vimelea vinavyotoka kwenye choo kikubwa. Vimelea hivyo ndivyo vinavyoleta kuhara, na kwa mtoto mdogo kuhara ni hatari kwa sababu hupoteza maji mwilini haraka kuliko mtu mzima. Maji hayo yakipanda kwenye sinki ambamo mboga huoshwa na chupa ya mtoto husuuzwa, njia ya kuelekea mdomoni imekuwa fupi mno.

Ikitokea hivyo, usisuuze sinki kwa maji matupu na kuendelea. Ondoa vyombo vyote vilivyoguswa na maji, vioshe upya kwa sabuni na maji ya moto. Sugua sinki, bomba na meza ya pembeni kwa sabuni, kisha pitisha dawa ya kuua vijidudu kama jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chakula kilichorukiwa na maji hayo kitupwe.

Madhara ya pili huonekana kwenye ngozi. Mashine isiyotoa maji vizuri husuuza nguo kwa maji yale yale ya sabuni. Sabuni inabaki kwenye fulana na shuka, na mtoto mchanga mwenye ngozi laini anaanza kuwashwa au kutoka vipele. Mzazi anaweza kuzunguka dukani akibadilisha mafuta ya kupaka, kumbe chanzo kiko kwenye mpira wa mashine.

La tatu ni umeme. Maji sakafuni, mashine iliyochomekwa, na waya wa kurefusha umeme uliolala chini ya sinki ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana.

Kabla ya kugusa chochote

Zima swichi ukutani na uchomoe plagi. Kama maji yamefika kwenye soketi au kwenye waya wa kurefusha umeme, usivikanyagie. Zima kwanza umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, ukiwa umesimama pakavu. Mashine ya kufulia ichomekwe kwenye soketi ya ukutani iliyo juu ya usawa wa maji na yenye waya wa ethi unaofanya kazi. Ikiwa unasikia ganzi au mshtuko mdogo unapogusa bati la mashine, usiitumie tena hadi fundi umeme aipime.

Kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto, subiri yapoe. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache.

Watoto watoke jikoni. Ndoo au beseni lenye maji lisiachwe sakafuni bila mtu, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu.

Jipime: tatizo liko wapi?

Maji yanapita sehemu tatu: ndani ya mashine, kwenye mpira, halafu kwenye bomba la nyumba hadi nje. Kazi ya kwanza ni kujua yamekwama wapi. Vipimo vinne vinatosha.

Kipimo cha kwanza ni cha sinki lenyewe, mashine ikiwa imezimwa. Ziba tundu la sinki, lijaze maji hadi nusu, kisha zibua. Maji yakiteremka kwa kasi na kumalizika kwa mkupuo, bomba la nyumba liko salama au karibu na salama. Yakiteremka polepole, yakitoa sauti ya glo-glo-glo, bomba limeziba kiasi au shimo la nje limejaa. Mashine haina kosa.

Kipimo cha pili hufanywa na mpira. Mashine ikiwa bado imechomolewa, toa mpira kwenye bomba la sinki na uteremshe mdomo wake hadi kwenye ndoo iliyo sakafuni. Maji yaliyo ndani ya mashine yakianza kutoka yenyewe kwa kuteremka, mpira na chujio vinapitisha. Yasipotoka kabisa, kuna kitu kimeziba kwenye chujio au ndani ya mpira. Kuwa tayari kuuinua mpira juu haraka kila ndoo inapojaa. Ukiuinua juu ya mashine, maji yanasimama.

Kipimo cha tatu kinahitaji umeme na watu wazima wawili. Sakafu ikiwa kavu, mmoja aushike mpira ukiingia kwenye ndoo iliyowekwa juu ya meza, kimo kile kile cha sinki. Mwingine achomeke mashine na kuchagua hatua ya kumwaga maji. Maji yakitoka kwa nguvu, mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye muungano wa chini ya sinki. Ikinguruma bila kutoa maji, pampu imekabwa na kitu. Ikinyamaza kimya, tatizo ni la umeme wa ndani au la kifuniko kisichofunga sawasawa, na hapo ni kazi ya fundi.

Kipimo cha nne ni kutazama nje. Funua chemba ya karibu na jikoni wakati mtu akimwaga maji kwenye sinki. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea shimoni. Ikiwa tupu huku sinki limejaa, kizuizi kiko kati ya sinki na chemba. Ufunike mfuniko mara moja baada ya kutazama, maana chemba iliyo wazi ni mtego kwa watoto.

Chujio linalosahaulika

Mashine nyingi zinazofunguliwa kwa mbele zina kamlango kadogo chini, kona ya kulia au kushoto. Ndani yake kuna chujio la pampu. Wanunuzi wengi huishi na mashine miaka miwili bila kujua kwamba lipo.

Weka sinia bapa na tambara chini ya kamlango. Mashine nyingine zina kampira kadogo pembeni mwa chujio. Kivute, toa kizibo, maji yaishe kwanza. Kisha fungua chujio kwa kulizungusha kinyume cha saa, taratibu, ukiacha maji yatoke kidogo kidogo. Usilifungue lote kwa mara moja kama mashine imejaa, la sivyo jikoni kutakuwa ziwa.

Utakachokuta kinajulikana: sarafu, vifungo, vibanio vya nywele, vijiti vya kiberiti, nyuzi, soksi ya mtoto mchanga, vipande vya nepi ya kutupa iliyoingia kwa bahati mbaya. Kwa nyumba za milimani huongezeka udongo mwekundu wa shambani. Kwa nyumba za ziwani, mchanga. Kung'uta nguo nje na kupekua mifuko kabla ya kufua huokoa pampu kuliko dawa yoyote ya dukani.

Baada ya kutoa uchafu, angaza kwa tochi ndani ya tundu. Utaona pangaboi dogo la pampu. Lisukume kwa kijiti. Linapaswa kuzunguka, hata kama linazunguka kwa kurukaruka; hiyo ni kawaida kwa pampu za sumaku. Likigoma kabisa, kuna uzi au waya umelikaba. Osha chujio, lirudishe, likaze vizuri. Chujio lililoachwa bila kukazwa huvuja ufuo unaofuata.

Chini ya sinki

Hapa ndipo makosa mengi ya ufungaji hupatikana, na mengi yanaonekana kwa macho.

Angalia kwanza kama mpira umekunjika. Mashine ikisukumwa nyuma ili ikae sawa na kabati, mpira hubanwa ukutani na kujikunja kama shingo ya kuku. Ivute mashine mbele kidogo.

Pili, angalia bomba lenye umbo la herufi U au kikopo lililo chini ya sinki, ambalo mafundi huliita trapu. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo ndani muda wote ili harufu na mende wa kwenye mabomba wasipande jikoni. Trapu zilizotengenezwa kupokea mashine huwa na mdomo wa pembeni wa kuchomekea mpira. Zikiwa mpya, mdomo huo unaweza kuwa umezibwa kwa ukuta mwembamba wa plastiki ndani, ambao fundi anatakiwa kuukata kabla ya kuunganisha. Asipoukata, mashine mpya kabisa itagoma kutoa maji siku ya kwanza, na lawama itaenda kwa muuza duka.

Kama trapu ni ya zamani, weka ndoo chini yake, ifungue kwa mkono na uisafishe. Mafuta yaliyoganda, majani ya chai na nyuzi za nguo hukutana hapo na kutengeneza kitu kama keki. Rudisha mipira yake ya kuzuia kuvuja katika mpangilio ule ule. Wapo wanaoiondoa trapu kabisa ili maji yapite kwa kasi. Usikubali. Utapata kasi na pamoja nayo utapata harufu ya shimo jikoni kila siku.

Tatu, tazama mpira umepita wapi kabla ya kuingia kwenye bomba. Unapaswa kupanda hadi karibu na usawa wa juu wa sinki, ufungwe hapo kwa kamba au kibanio, ndipo ushuke kwenye muungano. Pinde hilo la juu huzuia maji machafu ya vyombo yasirudi kwa mteremko hadi ndani ya mashine. Nguo zikitoka na harufu ya samaki au kuonekana na punje za wali, pinde halipo.

Nne ni kimo. Mashine nyingi zenye pampu hutaka mdomo wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Kitabu cha mashine kinataja kipimo chake. Ukiwa chini sana, maji huvutwa nje yenyewe huku mengine yakiingia, na mwenye nyumba anaona mashine haijai, bili ya maji inapanda, na nguo hazitakati. Ukiwa juu sana, pampu inachoka.

Kama sinki likiwa peke yake linapokea maji vizuri lakini hufurika kila mashine inapomwaga, bomba limezidiwa kasi. Suluhisho la kudumu ni kuiwekea mashine bomba lake la kusimama, la inchi moja na nusu au mbili, lenye trapu yake, linaloungana na la sinki huko mbele. Mpira uingizwe humo bila kuzibwa kwa gundi wala tambara pembeni, ili hewa ipite.

Mashine za matanki mawili

Hizi ndizo zinazowachanganya wengi. Mashine ya matanki mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, mara nyingi haina pampu. Maji yake hutoka kwa kuteremka tu, kama maji ya karai lililotobolewa. Mpira wake ukipandishwa hadi kwenye bomba la sinki, maji hayatapanda mlima. Tangi litabaki limejaa, na mzazi ataamini ameuziwa mashine mbovu.

Mashine ya aina hiyo inataka mpira ulale chini ya usawa wa tangi kwa urefu wake wote, na mdomo uishie kwenye tundu la sakafu, iwe la bafuni, la stoo au la ubaraza wa nyuma. Kama jikoni hakuna tundu la sakafu, ni heri mashine ihamie bafuni, mbali na maji ya kuoga na soketi ikiwa salama, kuliko kulazimisha muungano wa sinki. Kabla ya kununua, muulize muuzaji swali moja: ina pampu ya kutolea maji au haina? Jibu hilo ndilo litakaloamua ikae chumba gani.

Povu na mafuta

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya mashine, povu hilo hujaza pampu hewa. Pampu inazunguka bila kushika maji. Povu jingine hupanda kwenye sinki. Punguza kipimo hadi robo ya ulichozoea au tumia sabuni iliyoandikwa ni ya mashine. Mashine ikiwa imeshafurika povu, izime, acha povu lilale kwa nusu saa, kisha suuza kwa maji baridi bila kuongeza sabuni.

Mafuta ni adui wa taratibu. Mafuta ya kukaangia dagaa au mbasa yakimwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto yanaonekana kama maji. Yakifika kwenye bomba lililopita ardhini, yanaganda. Mbinga iko juu milimani, na kati ya Juni na Agosti baridi yake inajulikana, hivyo miezi hiyo mafuta huganda haraka zaidi. Nyuzi za nguo kutoka kwenye mashine hunasa juu ya mafuta hayo, na bomba linazidi kuwa jembamba siku hadi siku. Futa kikaango kwa karatasi au jani la mgomba kabla ya kukiosha, weka kichujio kidogo kwenye tundu la sinki, na mabaki ya ugali na wali yaende kwa kuku.

Bomba likiwa limeanza kuziba, tumia pampu ya mpira ya mkono. Ziba tundu la kutoa maji ya kufurika kwa tambara bichi, chomoa mpira wa mashine na uzibe mdomo wake pia, jaza sinki kidogo, kisha sukuma na kuvuta mara kumi hadi kumi na tano. Ikishindikana, waya wa springi wa kuzibulia utafika mbali zaidi.

Tahadhari na dawa kali

Wengi hukimbilia dawa za kuzibulia mabomba zenye kostiki soda au asidi. Kwa nyumba yenye watoto, hiyo iwe hatua ya mwisho. Kostiki soda huunguza mdomo na koo la mtoto aliyeionja, na makovu yake yanaweza kumfanya ashindwe kumeza chakula kwa miaka. Hatari huongezeka dawa hizo zinapouzwa kwa kupimwa na kuwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Usichanganye dawa mbili. Jiki ikikutana na dawa ya asidi ya kusafishia choo hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Na kama umeshamwaga dawa kali kwenye sinki, usifungue trapu wala kutumia pampu ya mpira. Maji yatakurukia usoni. Mwambie fundi kilichomwagwa kabla hajaingiza mikono.

Mtoto akimeza dawa ya aina hiyo, usimtapishe wala kumpa maziwa mengi kwa nguvu. Msuuze mdomo, chukua chupa ya dawa, mkimbize hospitali. Ikimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke.

Nje ya ukuta: shimo na mteremko

Kuna nyumba ambazo kila kitu ndani ni kizima, lakini maji yanarudi kila ifikapo Januari au Machi. Mvua za Mbinga hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ardhi ikishashiba, shimo la kunyonya maji machafu halinyonyi tena. Dalili yake ni kwamba kero huja na masika na kuondoka na kiangazi. Dawa ya kuzibulia bomba haitasaidia. Kinachosaidia ni kuzuia maji ya paa na ya uwanja yasiingie kwenye shimo, kugawa ufuaji uwe siku tofauti badala ya Jumamosi moja, na kama shimo limezeeka, kuchimba jingine.

Wamatengo wa milima ya Mbinga wanafahamu maji ya mteremkoni kuliko wengi. Kilimo chao cha ngoro, chenye umri wa zaidi ya karne moja, hutumia vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki ili mvua isimame na kuzama pale ilipoangukia, badala ya kukimbia na udongo. Somo hilo linafaa hata kwa maji ya jikoni: yasitupwe yakimbie kwa jirani wa chini, yazamishwe hapo hapo. Tofauti ni kwamba shimo la maji machafu lazima lijazwe mawe na kufunikwa. Lisiwe karibu na msingi wa nyumba, na liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, upande wa chini yake. Bwana afya wa kata anaweza kuja kutazama eneo kabla hamjachimba.

Maji ya sabuni yanaweza kupelekwa kwenye migomba. Yasimwagiwe mboga za majani, na yale yaliyofulia nepi yaende shimoni tu.

Dimbwi lililosimama nyuma ya jiko nalo lina wageni wake. Mbu aina ya kuleksi hupenda maji machafu kama hayo, na ndiye miongoni mwa wanaoeneza ugonjwa wa matende na mabusha. Mbu wa malaria kwa kawaida hupendelea maji safi zaidi, lakini anayeng'atwa usiku hawezi kuchagua.

Kando ya Ziwa Nyasa

Ukishuka barabara ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, hali inabadilika. Udongo mwekundu unaacha nafasi kwa mchanga. Mchanga hunyonya maji haraka, kwa hiyo sinki linaweza lisifurike kamwe. Swali linakuwa jingine: maji hayo yanakwenda wapi?

Mara nyingi yanaelekea ziwani, ambako watoto huoga na kina mama huteka maji. Ziwa hili lina kina kinachofikia takriban mita 700 na mto mmoja tu unaotoa maji yake, Shire, ulio kusini kabisa upande wa Malawi. Kinachoingia humo hakiondoki upesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira, na mpira wa mashine uliotupwa ufukweni hauendani na nia hiyo.

Kwa wazazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kuna jambo la karibu zaidi, nalo ni kichocho. Mayai ya mnyoo huyu hutoka kwa mgonjwa kupitia mkojo au choo kikubwa, yakiingia kwenye maji baridi huanguliwa, huingia kwa konokono, kisha hutoka kama viluwiluwi vidogo visivyoonekana vinavyopenya ngozi ya mtu aliye majini. Watafiti waliofanya kazi kusini mwa ziwa wamehusisha ongezeko la kichocho na uvuvi uliopunguza samaki wanaokula konokono karibu na ufuko. Mama anayefua saa nzima akiwa amesimama ndani ya maji, na watoto wakicheza pembeni yake, wako mahali ambapo mnyoo huyu hupatia watu.

Ndiyo maana mashine inayofanya kazi, au hata karai lililopandishwa nyumbani, ni kinga ya afya na si anasa. Mashine ikiharibika mfumo wa kutoa maji, familia hurudi ziwani na nguo. Nepi na nguo za ndani zikifuliwa mle, mayai yanarudi kwa konokono, na mzunguko unaanza upya.

Kama mashine inajazwa maji ya ziwa, yahifadhiwe kwenye tangi lililofunikwa kwa saa 48 kabla ya kutumika. Viluwiluwi hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu, ilimradi konokono wasiingie kwenye tangi. Weka kitambaa cha kuchujia. Mtoto akionekana na damu kwenye mkojo, au akilalamika tumbo mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya apimwe. Dawa ya prazikwanteli inatibu, dozi yake hutolewa kwa uzito au urefu, na haizuii kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yale yale.

Wakati wa kumwita fundi

Mwite fundi umeme kama mashine inapiga shoti, inakata umeme wa nyumba au inanyamaza kabisa katika hatua ya kumwaga maji. Mwite fundi bomba kama trapu ni safi, chujio ni safi, na bado sinki linarudisha maji. Asiruhusiwe mtu yeyote kuingia ndani ya shimo la maji taka kulizibua. Hewa ya mle huua, na mara nyingi humuua pia anayeingia kuokoa.

Fundi akimaliza, usimlipe kabla ya kufanya jaribio moja mbele yake. Jaza mashine maji matupu, iache imwage yote, huku mtu mwingine akifungua bomba la sinki kwa wakati huo huo. Angaza tochi chini ya sinki. Pakiwa pakavu na sinki halijapanda, kazi imekwisha.

Baada ya hapo, matunzo ni machache: chujio mara moja kwa mwezi, trapu kila baada ya miezi mitatu, shimo kabla ya Novemba. Nguo zisilale kwenye mashine usiku kucha, mlango uachwe wazi kidogo ili ndani pakauke, isipokuwa kwa nyumba yenye mtoto anayependa kujificha. Hapo ufungwe, na plagi ichomolewe.